Kimbunga kimepita, sasa mgeni aje au asije?

Baada ya kimbunga Melissa kupiga Jamaica, dada mmoja niliyefanya naye kazi kwenye meli ya watalii miaka ile alinitumia meseji. Siku hizi anauza safari, anapangia watu likizo, na alikuwa na familia ya watu wanne walioshalipia Jamaica. Melissa ilikuwa imepiga tarehe 28 Oktoba 2025, kategori 5, yaani daraja la juu kabisa, upepo wa kilomita 295 kwa saa, magharibi ya kisiwa imelala chini, na wateja wanamuuliza waende au wasiende. Akaniandikia, "Mwenzangu naona aibu kumpeleka mtu akaote jua pale ambapo watu bado wanafukua vyombo vyao kwenye tope." Nikaanza kumjibu kwa voisi, nikafika dakika kumi na mbili bado nipo mwanzoni, nikaona bora niandike.

Jamaica mi siijui kihivyo. Tulikuwa tunateremka Falmouth masaa machache tunarudi melini. Kisiwa ambacho kilinifundisha haya mambo ni Dominika. Na tafadhali, siyo Jamhuri ya Dominika, ile ni nchi nyingine, kubwa, wanaongea Kihispania. Hii ninayoisema ni kisiwa kidogo kule Karibea, kipo katikati ya Guadeloupe na Martinique, watu wake ni kama elfu sabini na kitu tu, wanaongea Kiingereza na Krioli yao yenye asili ya Kifaransa, Kwéyòl. Hata watu wa kutuma misaada walikuwa wanachanganya hizi nchi mbili, jambo ambalo linaniuma mpaka leo maana kisiwa kidogo kikisahauliwa jina ndo kimesahauliwa chote.

Sasa cha kuelewa kuhusu Dominika ni kwamba watalii hawaendi kule kwa ajili ya ufukwe mweupe, ufukwe mwingi ni mweusi, mchanga wa volkano. Wanaendea milima, msitu, maporomoko ya Trafalgar, chemchemi za maji moto za Wotten Waven, ziwa linalochemka kabisa kama sufuria jikoni lipo juu mlimani ndani ya hifadhi ya Morne Trois Pitons ambayo UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997. Wana njia ya kutembea kwa miguu inaitwa Waitukubuli, kama kilomita 185, imegawanywa vipande 14, inapita kisiwa chote kutoka kusini mpaka kaskazini. Wenyewe wanasema wana mito 365, mto mmoja kwa kila siku ya mwaka. Kwa hiyo ukiniuliza hoteli kubwa ya Dominika ni ipi ntakwambia ni msitu. Na hoteli ya kuta unaweza kuikatia bima, msitu nani anaukatia?

Mi nilikuwa mhudumu wa vyumba. Siku meli ikifunga gati Roseau, mji mkuu wao, nikipata masaa mawili ya mapumziko naenda pale soko la zamani, Old Market, lipo nyuma ya jumba la makumbusho, hatua chache kutoka gatini. Zamani pale palikuwa soko la kuuzia watumwa, leo kinamama wanauza mikoba, viungo, vikapu vya Wakalinago, wenyeji wa asili wa kisiwa, vinavyosukwa kwa matete ya larouma. Kulikuwa na bi mkubwa mmoja nilimzoea. Alikuwa ananiita mwanangu, na hakunibana ninunue, ananipa kiti nipumzishe miguu tu, anasema watu wa melini mna miguu ya watu wazee. Tukawa hivyo msimu mzima wa 2016 kwenda 2017.

Alafu ikaja Septemba 2017.

Kimbunga Irma kilitangulia tarehe 6, kikapiga Barbuda na visiwa vya jirani. Siku kumi na mbili baadaye, usiku wa tarehe 18, Maria ikaingia Dominika ikiwa kategori 5. Sisi tulikuwa baharini, tumekaa kantini ya wafanyakazi, mtu anasoma kwenye simu kwa sauti, waziri mkuu wao Roosevelt Skerrit alikuwa anaandika Facebook kimbunga kikiwa juu yake, kwamba paa la nyumba yake limeng'oka, maji yanaingia, na baadaye kwamba ameokolewa. Baada ya pale kimya. Simu zote zimekatika, mitandao imekatika, kisiwa kizima hakuna neno. Taarifa za kwanza kutoka nje ya ule ukimya zilipita kwa watu wa redio za ridhaa, wale wanaokaa na mitambo yao midogo na betri, ndo walikuwa wanasema kijiji gani kiko hai, daraja gani limeondoka. Waliokufa na waliopotea jumla ni 65. Karibu kila paa liliharibika, zaidi ya tisa katika kumi. Hasara ilihesabiwa kama dola bilioni 1.3 za Marekani, ambayo ni asilimia 226 ya pato lote la nchi la 2016, yaani chukua kila walichozalisha mwaka mzima, zidisha mara mbili na bado kuna deni. Mfuko wa pamoja wa bima wa serikali za Karibea ulilipa haraka, ndani ya wiki mbili, lakini ulilipa kama dola milioni 19. Weka hiyo 19 pembeni ya ile bilioni moja na zaidi uone.

Meli yetu ilifuta safari ya wageni wa likizo, tukapakia maji na vifaa na tukabeba watu waliokuwa wanahamishwa kutoka visiwa vilivyopigwa. Kuhudumia kebini ambayo anakaa mtu aliyepoteza nyumba ni kitu tofauti kabisa, sijui nikielezeje, unakunja taulo unajiona kama unafanya kosa. Kijana mmoja aliyetoka St. Croix, kisiwa kingine cha Karibea, aliniambia habari za Tim Duncan, yule mchezaji wa kikapu wa NBA, ligi ya Marekani. Duncan ni mtoto wa St. Croix, alikuwa muogeleaji, kimbunga Hugo kilipopiga mwaka 1989 kikaharibu bwawa pekee la kisiwa lenye kipimo cha Olimpiki, ndo akaingia kwenye kikapu. Baada ya Maria alikodi ndege zikapeleka chakula na vifaa nyumbani kwao, na yeye mwenyewe akaenda. Yule kijana alikuwa analielezea hilo kama mtu anayezungumzia kaka yake.

Oktoba tulirudia safari, na kwa kuwa Dominika bandari ilikuwa haipokei tukawa tunapita tu upande wa magharibi kwenda visiwa vingine. Nilitoka deki kuangalia. Jamani. Mlima ulikuwa wa kahawia. Siyo miti imeanguka hapa na pale, hapana, miti imesimama lakini haina jani hata moja, haina gome sehemu nyingine, kama moto umepita, na kile ni kisiwa ambacho kijani chake ukikiona asubuhi unafumba macho. Tukiwa mbali vile tuliweza kuona nyumba juu milimani ambazo zamani zilifichwa na miti, sasa zipo wazi hazina paa, na vidoa vya bluu vya maturubai. Niliambiwa baadaye kwamba hata kasuku wa milimani walikuwa wanashuka mpaka mashambani kutafuta chakula, maana juu hakukuwa na tunda.

Sisi wafanyakazi tukachanga. Na hapa nataka niseme wazi kwa sababu niliona kosa lilelile linarudiwa kwa Jamaica baada ya Melissa. Tulichanga nguo. Tulijaza mifuko mikubwa, mpaka majaketi ya baridi yalikuwemo, kwa upendo kabisa, na tukaja kuambiwa gatini kumejaa, kontena zinasubiriana, mzigo wa nguo unazuia mzigo wa mabati. Mtu aliyelala chini ya turubai anahitaji turubai la pili, misumari, skrubu, chujio la maji, mafuta ya jenereta, chenso ya kukatia magogo, na pesa taslimu anunue kwa jirani yake aliyefanikiwa kufungua duka. Nguo za mitumba siyo dharura. Ukiwa na elfu kumi yako na mfuko wa nguo, peleka hiyo elfu kumi, mfuko utapata mwenyewe hapo mtaani kwako.

Nilirudi Roseau kwa miguu yangu mwisho wa 2018. Bi mkubwa alikuwepo. Alikuwa amekonda, meza ileile, juu ametundika turubai badala ya mwavuli. Tulishikana mikono muda mrefu hatusemi. Alafu akanipa kiti.

Alinieleza mambo mengi siku ile na safari zilizofuata, lakini neno ambalo sikuwahi kulisikia kabla ni koudmen. Ni neno la Krioli, limetoka kwenye Kifaransa coup de main, mkono wa msaada. Sisi tungesema msaragambo. Ni kitu cha zamani sana kule, mtu akitaka kujenga au kuvuna anaita watu, wanakuja na mapanga yao, yeye anapika, kesho yake yeye anaenda kwa mwingine. Watu wa mjini walikuwa wameshaanza kukisahau. Maria ikakirudisha ndani ya usiku mmoja, kwa sababu asubuhi ya tarehe 19 hakuna aliyekuwa na barabara. Mito ilishusha magogo ikayabandika kwenye madaraja, vijiji vikawa kila kimoja ni kisiwa peke yake. Basi wanaume na wanawake wakaanza kukata kutoka kijiji chao kwenda kijiji cha jirani, na wa kijiji cha jirani wanakata kuja kwao, wakakutana njiani. Migomba yote ilikuwa imelala, shelisheli zimeanguka, kilichobaki ni kilichokuwa chini ya ardhi, majimbi na viazi vikuu, wakachimba wakapika sufuria moja watu wengi.

Sasa hapa ndo nataka yule dada anielewe. Ile barabara waliyoikata kwa mapanga kwenda kwa muuguzi na kwenda mashambani ndo hiyohiyo inayokwenda Trafalgar. Dereva mmoja wa gari la watalii aliniambia alishika panga wiki ya kwanza kwa ajili ya mama yake mzazi anayekaa juu huko, na mwezi wa tatu baada ya kimbunga alishika panga lilelile kusafisha njia ya maporomoko, na kwake haikuwa kazi mbili. Sisi tulioko mbali ndo tunagawa, hii ni misaada na hii ni biashara ya utalii, tunaona ya kwanza ni takatifu na ya pili ina aibu kidogo. Yeye gari lake alilikopea. Benki iliwapa watu muda lakini deni halikufa. Akibeba mgeni analipa, asipobeba gari linaondoka na ndo kitu pekee alichobaki nacho ambacho kimbunga hakikukibeba.

Na kalenda haina huruma. Msimu wa vimbunga kule unaanza tarehe 1 Juni unaisha tarehe 30 Novemba, na vile vikali vinapenda Agosti, Septemba, Oktoba. Msimu wa wageni wa meli unaanza pale pale vimbunga vinapoisha, unakwenda mpaka Aprili. Kwa hiyo kisiwa kikipigwa Septemba kina miezi miwili mitatu kusimama, kisiposimama hakijapoteza mwezi, kimepoteza mwaka mzima. Na huo mwaka mtu anaula na nini? Portsmouth, mji wa kaskazini, ulikuwa na chuo cha udaktari cha Wamarekani kwa karibu miaka arobaini, wanafunzi wamepanga nyumba za watu, wanakula kwa kinamama, wanapanda magari ya watu. Baada ya Maria chuo kikahamishwa, na 2018 ikatangazwa kwamba kinahamia Barbados moja kwa moja. Bi mkubwa ana mdogo wake Portsmouth aliyekuwa anapangisha vyumba vitatu. Vyumba alivirudishia paa, wapangaji hawakurudi. Ukiniambia kutokwenda ni heshima, mi namkumbuka huyo mdogo wake.

Nilimuuliza bi mkubwa moja kwa moja, nikamwambia mama, hukuumia kuona watu wanashuka melini na kamera wakati wewe huna paa? Alifikiri. Akasema, "Mwanangu, walioleta mchele nawashukuru, mchele nilikula. Aliyenunua kikapu alininunulia bati." Akaongeza kwamba kilichomuudhi ni wale walioshuka, wakapiga picha nyumba iliyobomoka ya mtu bila kumsalimia mwenye nyumba, wakapanda melini kwenda kula. Kwa hiyo aibu ipo, dada yangu, sikatai, ila haipo kwenye kwenda, ipo kwenye namna unavyokwenda.

Bati lenyewe alinionyesha picha kwenye simu. Safari hii fundi alilifunga kwa skrubu siyo misumari, kenchi zimefungwa kwenye ukuta kwa vyuma maalum vya kushikilia paa, na paa lina migongo minne siyo miwili, ili upepo usipate ukingo wa kushika. Huko Dominika hayo mambo sasa hata mwanamke wa sokoni anakufundisha. Skerrit alisimama Umoja wa Mataifa siku tano tu baada ya kimbunga, tarehe 23 Septemba 2017, akasema anataka nchi yake iwe ya kwanza duniani kujengwa upya kuhimili mabadiliko ya tabianchi, na 2018 wakatunga sheria kabisa. Wengi walidhani ni maneno ya uchungu. Mi nimeliona paa.

Njia za msituni nazo zilihitaji mikono mingi kuliko iliyopo, wakaomba wageni wanaokuja waje pia kufanya kazi, wasafishe vipande vya Waitukubuli, wapiga mbizi waondoe takataka kwenye matumbawe. Nilipenda hilo kwa sababu mgeni naye aliingizwa kwenye koudmen, anashika panga nusu siku, nusu siku anaoga mtoni, na usiku analala kwa mtu na analipa.

Lakini nisipotaja Barbuda ntakuwa nimemdanganya huyu dada. Barbuda ilipopigwa na Irma watu wake wote, zaidi ya elfu moja na mia sita, walihamishiwa Antigua, kisiwa kikubwa cha nchi hiyohiyo, Barbuda ikabaki tupu. Ardhi ya Barbuda ni ya pamoja kwa desturi tangu enzi za utumwa kuisha, na ilikuwa imeandikwa kwenye sheria mwaka 2007. Watu wakiwa bado wamekaa kwenye makazi ya muda, mashine zikaanza kusafisha ardhi ya kiwanja kipya cha ndege, na bunge likabadilisha ile sheria ya ardhi. Wakazi wawili walikwenda mahakamani kuhusu kiwanja, kesi ikasafiri mpaka Privy Council, mahakama yao ya mwisho ya rufaa, kule London, na Februari 2024 ikaamuliwa kwamba wana haki ya kulipinga jambo hilo mahakamani. Tangu kimbunga ni miaka zaidi ya sita, kupewa tu ruhusa ya kusikilizwa! Hapo pia kuna watu wanasema wanarudisha utalii, na sijui unaurudishaje kwa watu ambao hujawarudisha nyumbani. Kwa hiyo mtu akikwambia kisiwa kimefunguliwa, uliza kimefunguliwa na nani.

Basi nilichomwambia dada ni hiki. Usipige hoteli kwanza. Hoteli ina jenereta na tanki lake la maji, itakwambia karibuni hata kama kijiji cha nyuma ya ukuta hakina tone, na wakati mwingine yule anayepokea simu mwenyewe amelala chini ya turubai jana usiku na hawezi kukwambia. Mpigie dereva. Muulize barabara, muulize maji, muulize hospitali inafanya kazi, muulize na yeye kwake kukoje, alafu nyamaza umsikilize. Na kama wateja wataahirisha basi waahirishe, wasifute, na ile hela ya nauli ya gari waitume sasa hivi, ije kuwa safari baadaye.

Alipiga. Alimpata dereva aliyewahi kubeba wateja wake miaka miwili nyuma. Kaniambia yule kaka alikaa kimya kidogo, kisha akasema barabara ya kwenda mtoni imefunguka, wameikata wenyewe na majirani, ila kwake umeme bado na mtoto wake yuko kwa bibi yake mpaka paa litengenezwe. Akauliza kama wanaweza kuja Februari. Wamesema Februari sawa, na wamelipia gari la siku tatu nzima mbele.